Siku Kumi na Mbili za Shangazi

Mgeni hakubisha mlangoni. Alibisha dirishani kwa ncha ya fimbo, polepole, kama mtu anayeamsha mbuzi ambaye hataki kumshtua. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha ramani, chai yangu bado ya moto, na saa mbili asubuhi ilikuwa haijafika. Boma lililo karibu zaidi na kituo chetu cha wanyamapori liko mwendo wa saa tano kwa miguu. Mtu akikufikia wakati huo, ujue ameanza safari usiku wa manane.

Nilifungua. Alikuwa mama wa Kimaasai wa makamo, vumbi limempanda hadi magotini, begani ana kiroba cha unga kisicho na unga.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia. Ni katika maneno machache ya Kimaasai niliyoyamudu kwa mwaka mzima.

"Iko." Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Hapana, mama. Mkubwa ananyoa ndevu. Mimi naitwa Namsifu. Ninatunza ramani."

"Basi ni wewe ninayekutaka."

Alikaa bila kukaribishwa, akafungua kiroba, akatoa kitu akakiweka mezani karibu na kikombe changu. Ulikuwa mkanda mpana mweusi wenye kisanduku kidogo, umekatwa kwa kisu, umegandamana na udongo. Kwenye kisanduku palikuwa na namba. Tano.

Nikageuka kuitazama ramani ukutani. Namba Tano, pundamilia jike ambaye sote pale kituoni tulimwita Shangazi, alikuwa pale pale anapokuwa kila Septemba: kando ya lambo la Lorbene, nukta ya buluu inayotembea taratibu kwenye mstari usiokatika. Kwa mujibu wa ramani, saa moja na nusu asubuhi ile alikuwa akinywa maji.

"Mama, hii kola umeipata wapi?"

"Shingoni kwake."

"Lini?"

"Leo ni siku ya kumi na mbili."

Jina lake lilikuwa Nalotwesha. Alisimulia bila haraka. Yeye na wanawake wenzake walikuwa wamepeleka punda lamboni kuchota maji, wakakuta pundamilia amezama kwenye tope hadi kifuani, kundi lake limesimama mbali linamtazama. Wanaume waliokuwa karibu walisema aachwe, fisi watamaliza kazi.

"Nikawaambia mwenye mimba haachwi kwenye tope, awe wa kwato nne, awe wa miguu miwili. Tukamfunga kamba, tukawafunga punda upande wa pili. Punda wakamvuta ndugu yao." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Alipotoka ndipo nikaona shingo. Huo mkanda wenu ulikuwa umezama kwenye nyama. Kuna funza. Nikaukata, nikamsafisha kwa maji ya chumvi na mshubiri, akainuka akaenda zake kaskazini. Mkanda nikaufukia. Tunaambiwa ukikutwa nao ni jela."

"Na leo umeuleta."

"Nimeuleta kwa sababu ng'ombe wangu hawanywi."

Nilijua anachotaka kusema kabla hajakisema, na nilitamani asikiseme. Kila ng'ombe wa nyika ile ana hereni ya kielektroniki sikioni. Hereni inasoma ramani yetu. Palipo na jike kiongozi wa pundamilia, ramani huchora duara la kilometa tatu, na ng'ombe akilikaribia, hereni humlilia, akikaidi, humchoma. Hakuna askari, hakuna uzio, hakuna ugomvi kati ya mfugaji na mhifadhi. Nilipokuwa chuoni niliandika insha nzima kuusifu mpango huo.

"Wakifika kwenye kichuguu kikubwa, hereni zinalia," alisema Nalotwesha. "Wanarudi. Siku ya kwanza nikasema sawa, wenye lambo wako majini, tungoje. Siku ya tano nikaenda mwenyewe. Hakuna hata kinyesi kibichi. Tunawapeleka kisima cha mbali, siku mbili kwenda na kurudi. Jana wawili walilala njiani hawakuamka. Nina ng'ombe tisini, mwanangu. Nimekuja kukuuliza, huyo anayekunywa maji pale ni nani?"

Nilivuta kumbukumbu za Namba Tano, ingawa sikuhitaji. Kola hutuma habari ya mahali ilipo kila baada ya saa nne. Kati ya kola na setilaiti mna mengi: tope juu ya antena, betri iliyochoka, korongo lenye kingo ndefu, kichaka kizito. Siku njema nukta hukosea mita thelathini. Siku mbaya hukosea kilometa nzima. Siku mbaya kuliko zote nukta haiji, na kwenye ramani linabaki tundu.

Tundu likitokea, mtambo hukisia. Unaangalia mnyama huyo alikuwa wapi mwezi kama huu miaka mitatu iliyopita, unaangalia majani na maji yalivyo, kisha unachora mstari wa vitone. Mtunza ramani akiweka sahihi, vitone huungana na kuwa mstari. Sisi tuliita kushona. Kanuni ilituruhusu kushona tundu la siku moja, si zaidi. Lakini pale kituoni palikuwa na msemo wa zamani kuliko mimi, umeandikwa kwa chaki juu ya mlango: Tundu halilali. Kila asubuhi kabla ya saa mbili ramani iwe imekamilika. Nilirithi msemo huo pamoja na ufunguo na birika la chai.

Nilikuwa nimeshona siku kumi na mbili. Kola ikiwa chini ya ardhi, mtambo ulikumbuka kwamba Shangazi hupenda lambo la Lorbene mwezi wa tisa, ukamweka hapo, nami nikatia sahihi. Nilikuwa nimemlinda mnyama asiyekuwepo, na ng'ombe waliokuwepo walikuwa wanakufa.

"Ni mimi, mama," nikamwambia. "Anayekunywa maji pale ni mimi nimemchora."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokwisha kulikisia, kisha akauliza kama kuna chai.

*

Bwana Shekalage, mkuu wa kituo, alitokea na taulo shingoni na povu upande mmoja wa kidevu. Aliitazama kola, akamtazama Nalotwesha.

"Imekatwa kwa kisu hii."

"Nimeikata mimi," alisema Nalotwesha. "Kama ni jela, sema mapema nimwachie mke mwenzangu ndama."

"Mama, mimi nimeona kola ikiletwa. Sijaona ikikatwa. Kunywa chai." Akanipa ishara tutoke.

Barazani alijifuta povu taratibu. Ni Msambaa, mtu wa mizaha, na mwaka mzima alikuwa hajaacha kunikumbusha kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku. Asubuhi ile hakutania.

"Silent zetu ni ngapi?" Alikuwa akiziita hivyo kola zilizonyamaza, kama simu iliyozimwa mlio.

"Tatu. Namba Mbili na Namba Saba, ambao hatuwashoni tena, na Shangazi."

"Wanane kutoa watatu."

"Watano."

Aliniacha nihesabu mwenyewe. Mkataba wa ushoroba ulitaja majike wanane kwa namba zao. Kila siku ambayo angalau sita wanajulikana walipo, ardhi yote kati ya hifadhi na nyika ni njia ya wanyama na malisho, haiguswi na jembe. Wakiwa chini ya sita kwa siku tano mfululizo, ardhi inarudi kwenye daftari la kilimo. Ng'ambo ya barabara, matrekta yasiyo na dereva ya wenye mashamba ya maharage yalikuwa yameegeshwa tangu Julai. Yalikuwa yakisubiri siku ya tano.

"Ukifumua leo," alisema, "umefumua siku zote kumi na mbili. Ushoroba utakuwa umekwisha tangu wiki iliyopita, ila hatukuwa na habari."

"Nisipofumua, ng'ombe wake wanakufa."

"Kuna njia ya kati. Mtoe Shangazi lamboni. Mshone kilometa kumi kaskazini, alikoelekea kweli. Duara linahama, mama anapata maji, ushoroba unabaki, na wewe Jumatatu unakwenda Dodoma na sahihi safi."

Dodoma ilikuwa nafasi yangu kwenye chuo cha setilaiti. Walikuwa wamechukua watu sita nchi nzima. Asiyeripoti Jumatatu, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata.

Nikiri kwamba njia ile ya kati ilinipendeza. Ilikuwa na huruma kwa kila mtu niliyemfahamu. Nilirudi ndani, nikakaa mbele ya ramani, nikaishika nukta ya buluu kwa kidole na kuanza kuivuta kaskazini. Duara likaja nalo. Lilipofika kwenye kingo za korongo la Emugur, ukingo wake uligusa alama ndogo ya kisima. Sikujua ni kisima cha nani. Nilimuuliza Nalotwesha.

"Hicho ni cha wajane wawili," alisema, akipuliza chai. "Nyamalwa na dada yake. Wana ng'ombe kumi na mmoja."

Niliondoa kidole. Popote ambapo ningeuweka ule uongo, ungemkuta mtu na mifugo yake. Hapakuwa na mahali patupu pa kuuweka.

Nilifungua ukurasa wa sahihi zangu. Nikafumua ya leo, nikafumua ya jana, nikaendelea kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Kila nilipobonyeza, kipande cha mstari wa buluu kilifutika na pakabaki nyika ilivyo. Duara la Lorbene lilizimika. Bwana Shekalage alikuwa amesimama nyuma yangu, na hakunizuia. Nilipomaliza, alivuta kiti akakaa.

"Wapare na kesi," alisema kwa sauti ya chini. "Haya. Sasa tutafute kuku."

Haikupita nusu saa, simu ya Nalotwesha ikaita. Alisikiliza muda mrefu, mkono mwingine umefunika mdomo. Kisha akaigeuzia simu kwangu ili nami nisikie. Upande wa pili hapakuwa na mtu anayezungumza. Zilisikika kwato majini, nyingi, na ng'ombe wakinywa.

Kabla ya kuondoka alinishika kiganja. "Mtamtafuta?"

"Tutamtafuta leo hii."

"Mkimpata, msimvishe tena. Si kwamba milele, mimi najua mna kazi yenu. Mpaka ile shingo ipone."

"Mpaka ipone," nilimwambia. "Nakuahidi, mama."

*

Kanuni za mkataba zilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekitumia tangu kola zije: jike aliyeonekana kwa macho, akapigwa picha yenye tarehe, anahesabika kuwa anajulikana kwa siku hiyo. Milia ya pundamilia ni kama alama za vidole. Hakuna wawili wanaofanana, na kompyuta yetu ilikuwa na picha za ubavu wa majike wote wanane. Hatukuhitaji picha ya kila siku. Tulihitaji tu zisifike siku tano mfululizo bila picha.

Bwana Shekalage alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wafugaji. Aliomba kila mwenye picha ya pundamilia ya wiki mbili zile aitume, akaongeza kwamba hatafutwi mwizi, anatafutwa shangazi.

Ndani ya siku moja zikaja picha mia mbili na kumi. Takriban zote hazikuwa za pundamilia. Wamorani walikuwa wamejipiga wenyewe, kwa shuka jipya, kwa miwani, kwa pikipiki, na pundamilia alikuwa nyuma kwa bahati mbaya. Tulikaa mezani mchana kutwa tukiwasukuma vijana wazuri pembeni ili tuone mabega ya wanyama.

Picha ya siku ya nne tuliipata nyuma ya kijana mwenye miwani ya kijani. Kompyuta ilisita, kisha ikaandika Namba Tano. Kijana mwenyewe alipiga simu kuomba picha isisambazwe, kwa sababu mchumba wake alikuwa ameambiwa yuko kazini Arusha.

"Mwambie siri yake iko salama," alisema Bwana Shekalage. "Ameokoa ekari elfu arobaini, lakini mchumba ni mchumba."

Picha ya siku ya tisa ilitoka kwa mama aliyepiga picha malisho kuonyesha mbuzi wake wamepotelea upande gani. Mbuzi hawakuonekana. Shangazi alionekana, tumbo kubwa, shingo tupu, anamtazama mpiga picha.

Nilihesabu mara tatu. Kati ya siku ya nne na ya tisa palikuwa na siku nne zisizojulikana. Nne, si tano. Ushoroba ulikuwa umepona kwa siku moja, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwa unaumwa. Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi.

Ila hesabu ilikuwa haijakwisha. Baada ya siku ya tisa zilikuwa zimepita siku nyingine nne. Jumamosi, siku ya kumi na nne, ingekuwa ya tano. Shangazi alitakiwa aonekane Jumamosi kabla jua halijazama.

*

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, mimi na Bwana Shekalage na Daktari Chilewa, daktari wa wanyamapori, aliyekuja na gari lake na bunduki ya sindano za usingizi. Wafugaji walituongoza kwa simu. Mmoja aliona kundi likivuka barabara ya zamani, mwingine akasikia milio yao kwenye mchongoma. Niliwaza kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa na watu mia tatu wenye macho kwenye nyika ile, na sikuwahi kuwauliza kitu.

Saa kumi na nusu jioni tuliwakuta kwenye malisho mafupi juu ya korongo la Emugur. Walikuwa kama arobaini. Nilipitisha darubini kutoka bega hadi bega, na nilipomfikia sikuhitaji kompyuta. Alikuwa akila. Kovu pana la waridi lilizunguka shingo yake kama kitambaa, ngozi changa pembeni, na sehemu moja chini ya taya bado mbichi. Alinyanyua kichwa, akapiga mkia, akaendelea na majani yake.

Nilipiga picha kumi na saba. Ya kwanza ilitosha. Kishikwambi kiliandika Namba Tano, siku ya kumi na nne, na hapo hapo ukutani kule kituoni hesabu ikasoma sita. Bwana Shekalage alivua kofia akajipepea, ingawa upepo ulikuwepo.

"Sasa sikiliza," aliniambia baada ya kitambo. "Nimezungumza na makao makuu. Picha za wafugaji wamezikubali kwa siku zilizopita, kwa huruma. Kuanzia Jumatatu wanataka kola. Bila kola, jike aonekane kila siku, na mtunza ramani mwenye cheti atie sahihi kwamba amemwona kwa macho yake. Kila siku, mpaka apone. Mwenye cheti hapa ni wewe. Changu kiliisha muda Machi."

Daktari Chilewa alikuwa ameshaijaza bunduki. Kola mpya ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, nyembamba, ina sufi kwa ndani.

"Hii ni nyepesi nusu ya ile," alisema. Alikuwa mtu mpole na hakuwa akinidanganya. "Dakika kumi analala, dakika kumi anaamka. Nitaipitisha juu ya kidonda. Itamsumbua, sikatai, lakini haitamuua."

"Kidonda kitapona lini, daktari?"

"Bila kola, wiki sita. Akiwa nayo, huenda miezi minne."

"Jumatatu uko Dodoma," alisema Bwana Shekalage. "Yule mama hayupo hapa, Namsifu. Na angekuwepo angeelewa. Ng'ombe wake wanakunywa."

Ni kweli, angeelewa. Angeniitikia kwa kichwa kama siku ile, kisha angeuliza kama kuna chai. Nilimtazama Shangazi mpaka macho yakaniwasha. Nilijaribu kutafuta njia ya kati, maana bado nilikuwa nazipenda. Nyika ilikuwa mbele yangu, na njia hiyo sikuiona.

"Nilimwambia mpaka ipone," nikasema.

Daktari Chilewa alinitazama mimi, akamtazama mkuu wangu. Bwana Shekalage alivuta pumzi ndefu, akavaa kofia.

"Itoe hiyo sindano, daktari. Huyu ni Mpare. Ukibishana naye tutalala hapa hapa."

Jioni ile ile niliandika barua ya Dodoma ya kuiachia nafasi yangu, mistari mitatu. Nilidhani nitalia nikiituma. Nilichokisikia ni njaa, njaa nzuri ya mtu aliyetembea, na nikala ugali wa watu wawili.

Jumatatu tulikutana ukingoni mwa korongo jua lilipochomoza. Nalotwesha alikuwa amekuja na fimbo ya pili, akanipa, akasema viatu vyangu ni vya ofisini. Tulifuata kinyesi kibichi mpaka tukalikuta kundi. Nilifungua daftari jipya. Mstari wa kwanza niliuandika kwa mkono, nikiegemeza karatasi gotini, naye akaweka dole gumba pembeni ya sahihi yangu:

Namba Tano. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Anakula. Kidonda kinakauka. Hana kola.